Utabiri wa hali ya hewa kwenye TV: makosa ni ya utabiri au ya anayeusoma?

MkulimaRongai:

Wadau, hamjambo. Nina swali kuhusu ule utabiri unaotolewa mwisho wa taarifa ya habari, hasa kwetu tulio Nakuru na kwa majirani wa Kisumu na Magharibi. Mwezi huu wa Mei, kila jioni ramani inaonyesha wingu lenye radi juu ya Nakuru, jingine kama hilo Kisumu, jingine Eldoret, na mtangazaji anasema kutakuwa na mvua na ngurumo za radi alasiri "katika maeneo ya Bonde la Ufa na Ziwa Victoria". Basi, anatutakia usiku mwema. Mahindi yamefika magotini, CAN, mbolea ya kukuzia, iko stoo, na sentensi hiyo haimsaidii mtu kuamua kama atatia mbolea kesho au atangoja hadi wiki ijayo.

Naomba wanaoielewa kazi hii wanijibu. Kwanza, kwa nini Nakuru na Kisumu zinapewa wingu lile lile wakati hali zetu hazifanani hata kidogo? Pili, wanaosoma wanaelewa wanachokisoma? Maoni mengi ninayoyaona mitandaoni yanahusu mavazi na bashasha ya mtangazaji, ni machache yanayohusu kama alisema kweli. Tatu, ipo njia ya haki ya kupima kama kituo fulani kinapatia au kinakosea, badala ya kulaumu tu siku tuliyonyeshewa nguo zikiwa kwenye kamba?

UpepoWaZiwa:

Ndugu MkulimaRongai, tuanzie kwenye chanzo, kwa sababu nusu ya jibu iko hapo.

Utabiri rasmi nchini hutolewa na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, yenye makao makuu Dagoretti Corner, Nairobi. Katika taarifa yake ya siku saba, kaunti zetu zimewekwa kwenye fungu moja kubwa: nyanda za juu magharibi mwa Bonde la Ufa, bonde la Ziwa Victoria, pamoja na Bonde la Ufa la kati na kusini. Humo mna Nandi, Kakamega, Vihiga, Bungoma, Siaya, Busia, Baringo, Nakuru, Trans Nzoia, Uasin Gishu, Elgeyo Marakwet, Pokot Magharibi, Kisii, Nyamira, Kericho, Bomet, Kisumu, Homa Bay, Migori na Narok. Aya moja kwa zote hizo. Mtu akiwa na sekunde chache za kusoma, Busia na Naivasha zitaingia kwenye pumzi moja.

Lakini aya hiyo imeandikwa kwa vipimo, na vipimo hivyo ndivyo vinavyopotea njiani. Taarifa ikisema mvua itanyesha "maeneo machache", maana yake ni chini ya asilimia 33 ya eneo linalotajwa. "Maeneo kadhaa" ni kati ya asilimia 33 na 66. "Maeneo mengi" ni zaidi ya 66. Vivyo hivyo kwa kiasi: mvua ndogo haifiki milimita 5 kwa saa 24, ya wastani ni 5 hadi 20, na ikizidi 20 ndiyo huitwa kubwa. Mtangazaji akiacha maneno hayo na kusema tu "Nakuru itapata mvua", ameufuta utabiri na kuweka kitu kingine mahali pake. Kama ni maeneo machache, basi shamba lolote moja lina uwezekano mkubwa wa kubaki kavu kuliko kulowa. Aliyebaki kavu Rongai atasema wamedanganya, na aliyenyeshewa Subukia atasema wamepatia, na wote wawili walisikia sentensi isiyokamilika.

Kuhusu Nakuru na Kisumu kupewa wingu moja, hapo una haki ya kulalamika. Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Nakuru mjini inapita 1,800, na ukienda Molo umefika 2,500 hivi. Kinacholeta mvua hakifanani pia. Kisumu, upepo wa kutoka ziwani huanza kuingia nchi kavu kati ya saa nne na saa tano asubuhi, jua likishapasha ardhi. Unasukuma unyevu kuelekea milima ya Nandi, Kericho na Kisii, na huko unakutana na upepo wa mashariki. Pale unapokutana, hewa haina pa kwenda ila juu, na kufikia saa nane mchana mawingu ya radi yamesimama. Ndiyo maana Kericho na Nandi ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Kisha upepo wa mashariki wa juu unayasukuma mawingu hayo kurudi magharibi, na wakazi wa Kisumu wanaona giza likija kutoka upande wa Nandi jioni. Kwa hiyo kwa Kisumu saa ya kuogopa ni kuanzia saa kumi na moja hadi saa tatu usiku, na utabiri wa "alasiri" unaweza kuwa sahihi Nandi Hills na mvua ikachelewa kwa saa tatu nzima Kondele, Kisumu.

Nakuru iko kwenye sakafu ya Bonde la Ufa, ina ukingo wa Mau magharibi na Menengai kaskazini. Mvua yake ya alasiri hutegemea zaidi miinuko hiyo. Naivasha, ambayo ni kaunti hiyo hiyo, iko kwenye kivuli cha mvua cha Nyandarua na hupata kidogo sana kuliko Molo. Alama moja juu ya "Nakuru" haiwezi kuzisemea zote.

Jambo jingine linaloniudhi kila mwaka: mwezi wa Julai taarifa za TV hujaa baridi na mawingu ya Nairobi, kana kwamba nchi yote imekauka. Kitale, Kakamega na Bungoma wakati huo bado ni msimu wa mvua, kwa sababu ya hewa yenye unyevu inayoingia kutoka upande wa Kongo. Nakuru nayo huwa na mvua yake ya Agosti. Mtangazaji asiyelijua hilo atasoma msimu wa jiji moja akidhani ni wa taifa.

StudioYaJioni:

Nitajibu la pili, kwa upande wa wanaotengeneza kipindi.

Sehemu ya hali ya hewa huwekwa mwisho kwa sababu ndiyo rahisi kukata. Taarifa ikizidi muda kwa dakika moja, inayopunguzwa ni hiyo. Mtangazaji aliyejiandaa kwa sekunde 90 anaambiwa kwenye kipaza sauti cha sikioni kwamba amebakiwa na 40, na anachokitupa kwanza ni maelezo: wapi, lini, kiasi gani. Kinachobaki ni nyuzi joto, kwa kuwa zimeshaandikwa kwenye ramani.

Na nyuzi joto ndizo zenye faida ndogo kuliko zote kwetu. Kisumu mchana huwa karibu 29 au 30 karibu mwaka mzima, Nakuru huzunguka 25 au 26. Mtu yeyote akitaja namba hizo kila siku bila kuangalia chochote atakosea kwa nyuzi moja au mbili tu. Kwa hiyo kituo kinachojisifu kwa kupatia joto hakijathibitisha lolote. Dakika hizo zingetumika kwenye mvua na upepo.

Kuhusu kuelewa: ramani mnayoiona nyuma yake haipo. Amesimama mbele ya ukuta wa kijani, anajiangalia kwenye skrini mbili zilizowekwa pembeni, na mkono wake wa kulia unaonekana upande ambao hakuuzoea. Ndiyo sababu mtu mpya huonyesha Turkana akitaja Siaya. Hilo ni kosa la mazoezi, hutoweka baada ya wiki chache. Kosa zito ni jingine, nalo ni kusoma maandishi yaliyofupishwa na mtu mwingine bila kuiona taarifa asilia. Mtangazaji mzuri huisoma ile aya ya Idara mwenyewe kabla ya kuingia studio, anachagua sehemu mbili au tatu zenye jambo la kutendewa, na za shwari anazipitia kwa sentensi moja. Ukitaka kumtambua, sikiliza kama anataja saa. Aliyeielewa taarifa husema "kuanzia saa nane hadi jua kuzama, zaidi kwenye miinuko". Asiyeielewa husema "vipindi vya jua na mvua hapa na pale".

Bashasha si dhambi, jamani. Mtu akitabasamu huku akikupa saa, mahali na kiasi, amefanya kazi yake. Lakini tahadhari ya mvua ya zaidi ya milimita 20 kwa saa 24 haisomwi kwa sauti ile ile ya kutangaza siku ya jua. Sauti ni sehemu ya habari.

Na alama nazo. Programu nyingi za michoro hutoa alama moja kwa mji mmoja kwa siku nzima, na produsa huchagua ile mbaya zaidi kwa usalama wake. Siku yenye asubuhi kavu na dakika 30 za mvua jioni inapewa wingu la radi, sawa na siku ya kunyesha kutwa. Taarifa ya kila siku ya Idara hugawanya usiku, asubuhi na alasiri. Kituo kinachoonyesha alama tatu kwa kila mji kinawatendea haki watazamaji, na haigharimu zaidi ya kupunguza idadi ya miji kwenye ramani moja.

NyarDunga:

Mnazungumza mashamba, nami nataka ziwa lisisahauliwe.

Wavuvi wa omena (dagaa wa ziwani) hufanya kazi usiku kwa taa, hasa usiku usio na mbalamwezi. Wanatoka ufuoni giza linapoingia au kabla. Taarifa ya habari ya Kiswahili huanza saa moja usiku, na hali ya hewa huja mwishoni. Wakati mtangazaji anataja ziwa, kama analitaja, mashua ziko majini tayari. Hata angekuwa hodari kuliko wote, saa yenyewe imemshinda.

Tena hatari ya ziwani haiji saa moja na ile ya nchi kavu. Mchana mawingu hukua juu ya Nandi na Kisii. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu inapoa, upepo unavuma kuelekea ziwani kutoka pande zote na kukutana huko katikati. Dhoruba za ziwani basi hukomaa usiku wa manane hadi alfajiri. Mtangazaji anayesema "mvua itapungua usiku eneo la Ziwa Victoria" anaweza kuwa anasema kweli kwa mkazi wa Kisumu mjini na kumpoteza kabisa aliye karibu na visiwa vya Mfangano au Remba.

Kinachohitajika na mvuvi ni vitu vinne: kasi ya upepo na mahali unakotoka, urefu wa mawimbi kwa mita, kama kuna radi, na umbali wa kuona. Utabiri wa namna hiyo upo. Uliboreshwa kupitia mradi wa HIGHWAY ulioongozwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani katika nchi zinazolizunguka ziwa. Sijui kwa nini TV isiutengee hata sekunde 15 kwenye taarifa ya mchana, saa saba, wakati bado mtu anaweza kuamua kutotoka. Redio za Kijaluo huwafikia wavuvi kuliko TV, na BMU nyingi (vikundi vya usimamizi wa fukwe) hupokea ujumbe kwa simu. Huko ndiko pa kuuliza.

Na wanaoanika omena wanahitaji jambo dogo tu: je, kesho kutakuwa na jua mfululizo kuanzia saa tatu hadi saa tisa? Omena iliyonyeshewa ikiwa kwenye nyavu inaharibika rangi na harufu, na bei yake inashuka hadi ya chakula cha kuku. Utabiri wa saa una thamani ya pesa hapo, na hakuna TV inayoutoa.

Magharibi254:

Kwa maoni yangu TV imepitwa na wakati. Simu inanipa Kakamega saa kwa saa, pamoja na asilimia. Ya nini kungoja mwisho wa habari?

UpepoWaZiwa:

@Magharibi254 hiyo saa kwa saa inaonekana sahihi kuliko ilivyo. Programu nyingi za simu huchukua matokeo ya modeli za dunia nzima, yaani hesabu za kompyuta zinazoigawa dunia kuwa miraba. Ile ya Ulaya ina miraba ya kilomita 9 hivi, ile ya Marekani kilomita 13. Wingu la radi la kwetu huweza kuwa na upana wa kilomita chache tu, kwa hiyo modeli hailioni moja kwa moja. Inakadiria kwamba ndani ya mraba huo kutakuwa na mvua kiasi fulani, kisha inaisambaza kwenye mraba wote. Matokeo yake yana kasoro mbili zinazojulikana: mvua nyepesi mno kila mahali, na mvua inayokuja mapema mno. Simu inasema saa sita mchana, radi inapiga saa kumi. Kwa Kakamega, ukisogeza saa ya simu mbele kwa saa mbili au tatu msimu wa mvua, mara nyingi utakuwa karibu zaidi na ukweli.

Hiyo asilimia nayo isomwe vizuri. Asilimia 60 haina maana kwamba itanyesha kwa asilimia 60 ya siku, wala kwamba mvua itakuwa kubwa. Maana yake ni kwamba ukikusanya siku 10 zilizopewa 60, zipatazo 6 zinapaswa kunyesha na 4 kubaki kavu. Siku moja kavu haiufanyi utabiri kuwa wa uongo.

Kwa saa mbili au tatu zijazo, bora picha za setilaiti kuliko programu yoyote. Meteosat hupiga picha ya eneo letu kila dakika 10 hadi 15 na zinaonekana bure kwenye intaneti. Tazama picha ya joto la mawingu. Kilele cha wingu kikiwa chini ya nyuzi 60 chini ya sifuri, hilo ni wingu refu la radi. Linganisha picha tatu mfululizo ujue linaelekea wapi.

Kipimamvua:

Nimengoja mtu aguse swali la tatu, maana bila kupima tutabaki na maoni tu. Haihitaji vifaa vya ghali.

Kipimo rasmi kinachotumika Kenya ni mtungi wenye mdomo wa inchi 5, yaani milimita 127, mdomo ukiwa sentimita 30 juu ya ardhi, na husomwa saa tatu asubuhi kila siku. Nyumbani unaweza kutengeneza chako kwa faneli na jerikeni ya lita 5. Chimbia jerikeni nusu ili isipinduke na maji yasipate joto. Faneli iwe na mdomo ulionyooka sawasawa, tumia pima maji. Usiweke karibu na nyumba au mti: umbali usipungue mara mbili ya urefu wa kitu hicho, na mara nne ni bora. Mwembe wa mita 8 unataka mita 16 kwa uchache.

Hesabu ni hii. Pima upana wa mdomo wa faneli kwa sentimita, zidisha namba hiyo kwa yenyewe, kisha zidisha kwa 0.785. Hilo ndilo eneo. Faneli ya sentimita 14: 14 mara 14 ni 196, mara 0.785 ni 154 karibu. Gawanya kwa 10, unapata mililita 15.4 kwa kila milimita moja ya mvua. Asubuhi ukimimina na kupata mililita 231, imenyesha milimita 15. Kwa mvua ndogo tumia sirinji ya mililita 20 ya duka la agroveti, ni sahihi kuliko kikombe. Mkebe wenye kuta zilizonyooka hauhitaji hesabu: kina cha maji kwa rula ndicho milimita. Ubaya wake ni kwamba maji hukauka jua likitoka na matone makubwa hurukia nje.

Makosa ya kawaida ni mawili. La kwanza ni tarehe. Maji unayoyasoma Jumatano saa tatu asubuhi yalianguka kuanzia Jumanne saa tatu. Kwa hiyo utabiri uliotolewa Jumatatu jioni kuhusu mchana na jioni ya Jumanne unalinganishwa na kipimo cha Jumatano asubuhi. Wengi hulinganisha na cha Jumanne na kukihukumu kituo bure. La pili ni kupima sehemu moja na kuhukumu kaunti nzima. Pata watu watatu waliotengana, kwa mfano Kondele, Ahero na Maseno, ambazo zimetengana kwa kilomita 20 hivi au zaidi. Ikinyesha kwa mmoja tu kati yao, "maeneo machache" yametimia.

Kisha chora jedwali lenye visanduku vinne: walisema itanyesha ikanyesha, walisema itanyesha haikunyesha, hawakusema ikanyesha, hawakusema haikunyesha. Hesabu siku ya mvua kuwa ile ya milimita 1 na zaidi, matone mawili yasikuvuruge.

Tuseme Aprili yenye siku 30 ilitoa hivi: 16, 8, 2 na 4. Mvua ilinyesha siku 18 na walizitaja 16, yaani asilimia 89. Hapo kituo kinaonekana hodari. Lakini walitangaza mvua siku 24 na 8 hazikunyesha, kwa hiyo theluthi moja ya matangazo yao yalikuwa ya bure. Jumla ya siku walizopatia ni 20 kati ya 30, asilimia 67. Sasa linganisha na mtu asiyejua lolote anayesema "itanyesha" kila siku ya Aprili: atapatia 18, asilimia 60. Tofauti ya siku 2 ndiyo ujuzi wao wote. Kituo kinachosema mvua kila siku msimu wa masika kitasifiwa sana na hakina ujuzi wowote.

Fanya hivyo kwa msimu mzima, si wiki moja. Na andika alichosema mtangazaji neno kwa neno usiku ule ule, pamoja na saa na kiasi kama alivitaja. Ukingoja asubuhi utakumbuka unachotaka kukumbuka.

NyarDunga:

@Kipimamvua ahsante, hiyo ya tarehe ni muhimu sana. Niongeze kwamba jedwali hilo halipimi madhara. Kukosa siku moja ya milimita 60 si sawa na kukosa siku ya milimita 2.

Kipimamvua:

Kweli kabisa, dada. Tengeneza jedwali la pili kwa siku za zaidi ya milimita 20 peke yake. Zitakuwa chache, kwa hiyo litahitaji misimu miwili au mitatu kabla ya kusema neno. Na hata hilo halitoshi kwa mafuriko, kwa sababu mvua ya mahali na maji ya mahali ni vitu viwili. Budalangi, kule Busia, hufurika kwa mvua iliyonyesha Mlima Elgon na Cherangani na kuteremka na mto Nzoia. Anga ya Budalangi inaweza kuwa nyeupe siku maji yanapofika. Tambarare ya Kano, iliko Ahero, hufurika kwa maji ya mto Nyando yaliyotoka Nandi na Kericho. Pale Mai Mahiu, ndani ya kaunti ya Nakuru, Aprili 29, 2024, watu walikufa usiku kwa maji yaliyokuwa yamezuiliwa juu, kwenye tuta la reli, kisha yakapasua. Alama ya wingu juu ya "Nakuru" haingemwonya mtu wa pale.

Kwa hiyo mtangazaji akisoma mvua kubwa Trans Nzoia na Bungoma, sentensi inayofuata iwataje wa Budalangi. Akisoma mvua kubwa Kericho, awataje wa Ahero. Ramani ya mito haibadiliki, anaweza kuijifunza kwa siku moja. Baadhi ya redio za jamii zilianzishwa kwa kazi hii hii, kama Bulala FM kule Busia chini ya RANET, mpango wa Idara wa kufikisha taarifa vijijini kwa redio. TV ingeweza kuiga.

StudioYaJioni:

Naunga mkono. Tena utabiri wa msimu nao husomwa vibaya. Idara ikisema mvua ya kawaida, huwa ni kati ya asilimia 75 na 125 ya wastani wa miaka mingi. "Juu ya kawaida" ni zaidi ya 125. Hiyo ni jumla ya miezi mitatu, haisemi itanyesha lini. Msimu wa jumla ya kawaida unaweza kuwa na wiki tatu za ukame katikati na siku mbili za gharika. Vichwa vya habari hugeuza "uwezekano mkubwa wa juu ya kawaida" kuwa "El Niño inakuja". Kisha mjadala unakuwa kama ipo au haipo, kama ilivyokuwa mwaka 2023 kabla mvua za vuli hazijaleta mafuriko, na watu wanasahau kuzibua mitaro.

MkulimaRongai:

Nawashukuru sana, nimejifunza mengi. Basi kwa vitendo: CAN yangu niitie kwa kufuata nini? Na jirani yangu ana yurea, ushauri ni ule ule?

UpepoWaZiwa:

Si ule ule. CAN inataka udongo uwe na unyevu tayari na mvua ndogo au ya wastani ifuate, milimita 5 hadi 15 ndani ya siku mbili inatosha kuiyeyusha. Ikitangazwa mvua ya zaidi ya milimita 20 kwa saa 24, ngoja ipite, la sivyo naitrojeni itazama chini ya mizizi au itasombwa na maji kwenye mteremko. Yurea shida yake kubwa ni kukaa juu ya udongo bila kunyeshewa: hugeuka hewa na kupotea, hasa jua likiwa kali na udongo ukiwa na unyevu kidogo. Jirani aitie siku ambayo taarifa inasema maeneo mengi, na kwa vyovyote aifukie kwa jembe sentimita 5, hapo hatategemea mtangazaji.

Kupanda nako kuna kipimo chake kwa msimu ujao. Usipande kwa mvua ya kwanza. Ngoja milimita 20 hadi 25 ndani ya siku tatu, kisha angalia utabiri wa siku saba kama kuna ukame unaofuata. Mvua ya udanganyifu ya Machi imewatia wengi hasara ya mbegu.

Utabiri wenyewe usiungoje kwenye TV. Kila kaunti ina mkurugenzi wa huduma za hali ya hewa, na ofisi yake hutoa taarifa ya kaunti ya wiki, mwezi na msimu. Uliza kama ya Nakuru inatenganisha Molo, Rongai na Naivasha inavyostahili. Omba kuwekwa kwenye kundi lao la WhatsApp, au mwulize afisa wa kilimo wa wadi, kwa kawaida anayo. Ukiipata, linganisha na kile TV ilichosema jioni hiyo. Ukiona vimetofautiana, waandikie kituo: taja tarehe, nukuu walichosema, weka na sentensi ya Idara pembeni.

StudioYaJioni:

Na muwaandikie kweli. Barua yenye tarehe na sentensi mbili zilizowekwa sambamba husomwa kwenye kikao cha asubuhi. Malalamiko ya "nyinyi waongo" hayasomwi.

MkulimaRongai:

Sawa. Faneli nimeipata dukani, mdomo wake ni sentimita 16. Kwa hesabu ya Kipimamvua ni mililita 20.1 kwa milimita moja, sivyo?

Kipimamvua:

Ndivyo. 16 mara 16 ni 256, mara 0.785 ni 201. Sirinji moja iliyojaa ni milimita moja, umepata saizi rahisi kusoma. Weka wavu mwembamba shingoni ili majani na wadudu wasizibe, na uuoshe kila Jumamosi.